Jirani Mdogo Asiyesalimia

Jirani yangu aliingia dukani kwangu karibu kila siku kwa mwaka mzima bila kunisalimia. Alipita chini ya ubao wa kuuzia, akapanda juu ya gunia la chumvi, akanipa mgongo na kutazama barabara. Akichoka, anashuka na kwenda zake. Katika mji wetu wa Mubi, mashariki mwa Kongo, watu wanajali salamu. Mtu mzima akikufanyia hivyo siku mbili, siku ya tatu utamuuliza kama mna kesi. Lakini huyu alikuwa hajafikisha miaka minne, na mimi sikuwa na shida na salamu yake. Duka langu liko pale malori yanapopumzika. Salamu nazipata za kutosha, nyingi za watu ambao sitawaona tena.

Jina lake naliacha. Mtaani walimwita Bubu, naye aliitikia jina hilo kwa kuinua nyusi. Mama yake, mtu wa Masisi, aliuza maharage na fromaji, jibini ya kwao, katika kibanda kilichoegemea ukuta wangu. Baba yake, mwenyeji wa Walikale, alikuwa motari, mwendesha pikipiki ya kukodi. Alipeleka wachimbaji kwenye machimbo ya Omate na kuwarudisha wakiwa wamepakaa udongo mpaka kwenye kope. Tuliishi paseli moja, yaani ua mmoja, tukatumia kamba moja ya kuanikia nguo. Mimi nilikuwa nimefika zamani kutoka upande wa Butembo pamoja na mume wangu, na mume wangu alipofariki nilibaki na duka.

Nilijua kwamba si bubu siku moja ya mvua. Barabara ilikuwa tupu, mama yake ameenda kutafuta magunia, na kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao nikasikia sauti ya mtoto ikimgombeza mtu kwa ukali.

"Njo ile nilikuambia! Nilikuambia usiingie mule. Sasa angalia miguu yako!"

Nilidhani ni mtoto wa wageni. Nikachungulia kwenye ufa. Alikuwa peke yake na kuku mwenye tope. Alimsema kuku yule mpaka mvua ikakatika, akimuuliza maswali na kumjibia. Mama yake aliporudi na wanawake wawili wa sokoni, alifunga mdomo, akaingia nyuma ya kikwembe, kitenge alichojifunga mama yake, na mmoja wa wale wanawake akasema kwa huruma, "Masikini, Bubu."

Tangu siku hiyo nilianza kumwangalia, bila haraka, maana dukani kuna saa nyingi za kukaa tu. Akiwa na mtu mmoja aliyemzoea alisema. Akiingia wa pili, sauti ilishuka. Wa tatu akitokea, maneno yalikwisha, hata kama sentensi ilikuwa katikati. Aliyemwinamia usoni hakupata kitu. Aliyemshika shavu alimpoteza kwa wiki nzima. Jumapili baada ya misa ndiyo ilikuwa saa yake mbaya kuliko zote, kwa sababu wanawake wote wa kikundi cha mama yake walijipanga mlangoni wakinyoosha mikono.

"Salimia! Toa mukono!" mama yake alimwambia, akimvuta kutoka kwenye kikwembe ambacho kilikuwa karibu kufunguka. "Ule ni mama yako mukubwa. Toa mukono!"

Mkono hautoki. Mama yake alikuwa anarudi nyumbani na uso umemvimba kwa aibu.

"Bantu banasema sijamulea," aliniambia siku moja, akipanga maharage kwenye kopo. "Banasema ni kiburi. Mutoto wa miaka ine iko na kiburi ya nini, Mama?"

Nilimwambia kitapita. Ndivyo watu wanavyosema.

Sasa, ukifikiri umeshamwelewa, alikuwa anakuvurugia. Kulikuwa na mchimbaji mmoja aliyeingia dukani siku ya soko, mtu mrefu, mchafu, mwenye jicho moja jekundu, ambaye hata mimi nilisogea mbali naye kidogo. Watu watano walikuwa ndani. Jirani yangu aligeuka juu ya gunia lake na kumuuliza kwa sauti ya wazi kabisa:

"Papa, juu ya nini masikio yako iko ya rangi mbili?"

Yule mtu alijishika sikio, akatazama vidole vyake, akacheka. Akachuchumaa na kumweleza habari za shimo la Omate, jinsi unavyoingia umejikunja, sikio moja likiburuzika ukutani. Walizungumza mpaka wenzake wakamwita kutoka barabarani. Wiki iliyofuata alirudi na kumsalimia kwa furaha kubwa. Mtoto akajificha nyuma ya mapipa ya mafuta na hakutoka.

Kulikuwa pia na mwindaji mzee wa porini aliyekuja kila mwezi kununua chumvi na betri. Huyo hakuwa na maneno hata ya kumwagia mbwa. Akikaa kwenye benchi, jirani yangu alishuka na kukaa karibu naye, wakatazama barabara wote wawili. Nilichukua muda kutambua kwamba walikuwa wanaongea. Neno moja, kimya kirefu, neno jingine. Nilimuuliza mwindaji walisema nini. Alifikiri, akaniambia, "Habari ya sungura." Basi.

Na pia alicheza. Katika sherehe ya ubatizo wa mtoto wa jirani mwingine, mbele ya watu wasiopungua sitini, aliingia katikati ya duara akiwa peke yake na kucheza mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Wanawake walipiga vigelegele. Mama yake alilia kwa furaha. Kisha mtu mmoja akapiga kelele, "Bubu! Bravo, Bubu!" naye akasimama kama aliyeamshwa, akaangalia watu wote wale, na akakimbilia chini ya meza ya vyakula. Alikaa huko mpaka sherehe ikaisha, na alikula humo humo alichopitishiwa.

Neno lake la kwanza kwangu halikuwa salamu. Nilikuwa natafuta miwani yangu, nimeinua kila kitu, nimeanza kujilaumu kwa sauti.

"Iko chini ya kikwembe ya manjano," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikainua kitambaa, na kweli miwani ilikuwepo. Nilikuwa nimejifunza kwa mwindaji, kwa hiyo sikugeuka. Nilisema asante nikiwa naendelea kukunja vitambaa. Akaendelea kusema. Alisema asubuhi yote. Mwaka mzima wa kunipa mgongo alikuwa anakusanya: nani alikuja mara mbili bila kununua, mbwa yupi ni wa nani, na kwamba dereva wa lori la bluu huvua pete kidoleni kila anapofika Mubi na kuivaa tena anapowasha injini. Hilo la pete hata mimi nilikuwa sijaliona. Nilimwambia asimwambie mtu mwingine. Akanitazama kwa mshangao. Atamwambia nani?

Shuleni, katika darasa la watoto wadogo, alikaa miezi mitatu chini ya dirisha bila kufungua mdomo. Mwalimu, msichana mwenye moyo mzuri, alifikiri hasikii. Alipiga kopo nyuma ya kichwa chake kumjaribu, na mtoto akaruka. Basi akaandika kwenye karatasi kwamba mtoto haelewi. Mama yake alinionyesha karatasi hiyo asubuhi ileile ambayo mtoto alikuwa ameniimbia nyimbo zote tatu za Kifaransa za darasani, pamoja na kikohozi cha mwalimu mahali mwalimu anapokohoa. Siku chache baadaye mwalimu alikuja kununua sabuni. Wimbo ulikuwa unaendelea nyuma ya mapipa. Aliinua mguu kuingia, akausikia, akaurudisha mguu nje. Alisimama juani mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaondoka bila sabuni, na karatasi iliyofuata ilisema mambo mengine.

Ingekuwa vizuri kama watu wote wangekuwa na mguu wa namna hiyo.

Mtoto alipokuwa na miaka mitano na nusu, baba yake alianguka na pikipiki kwenye daraja la miti, njia ya Omate, akavunjika mguu mahali pawili. Pikipiki iliharibika kabisa. Dada yake, shangazi wa mtoto, alikuja kumuuguza. Alikuwa mwanamke mchapakazi, lakini hakuweza kuvumilia macho ya yule mtoto. Mtoto alikuwa anasimama mlangoni kwa baba yake, asiingie, asitoke, anaangalia tu ule mguu uliofungwa.

"Huyu mutoto anaangaliaka bantu sana na hasemi," shangazi aliniambia, akinunua mafuta. "Nasikia siku moja mbele ya kaka yangu kuanguka alimuangalia vile vile. Mama, wewe huoni?"

Nilisema sioni. Nilisema kwa sauti ndogo, kisha nikamgeukia mteja mwingine. Baada ya wiki mbili neno la uchawi lilikuwa limefika mpaka kisimani. Kesi hizi kwetu tunazijua zinavyokwenda. Kuna watoto walioacha kurudi nyumbani kwao kwa neno dogo kuliko hilo.

Walimpeleka katika chumba cha maombi Jumatano asubuhi. Mama yake hakukubali na hakukataa. Shangazi alikuwa amesema kama mtoto hana kitu, basi hakuna hasara. Mama yake aliniomba niende.

"Alishasema na wewe," aliniambia. "Waambie. Wewe bantu wanakusikilizaka."

Chumba kilikuwa cha mbao, bati juu, joto, watu kama thelathini. Walimsimamisha mtoto mbele, peke yake. Kiongozi wa maombi hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwa upole kwamba atamuuliza mara tatu, na asipokataa, watajua.

"Ni wewe ulimuangusha papa yako?"

Mtoto alitazama sakafu.

"Iko anaona haya!" mama yake akasema.

"Haya ya namna gani kwa mutoto mudogo hivi?" shangazi akajibu, na watu wakaguna.

Niliona kinachotengenezwa. Walikuwa wamemwekea mtihani ambao katika Mubi yote yeye tu ndiye asingeuweza. Kila mtoto mwingine angelia, angesema hapana, angeita mama. Nikasimama. Vichwa thelathini vikageuka. Mimi nauza vitu tangu usichana wangu na sijawahi kukosa neno nikiwa nyuma ya ubao wangu. Pale hapakuwa na ubao. Nilisema, "Mimi..." na ulimi ukakwama. Mtu mmoja akaniambia, "Kaa tu, Mama," nami nikakaa. Niliona aibu. Nimeandika mengi juu ya wengine hapa, kwa hiyo hilo nalo liandikwe.

Kiongozi aliuliza mara ya pili. Akavuta pumzi ili aulize mara ya tatu, na sauti ikatoka mlangoni.

"Niliteleza mwenyewe."

Alikuwa baba yake. Alikuja kwa fimbo mbili, peke yake, kutoka nyumbani mpaka pale, na shati lilikuwa limelowa jasho lote.

"Miti ya daraja ilikuwa na matope," alisema. "Na nilikuwa nimekunywa. Nilikunywa Omate, nikakunywa tena njiani. Yule niliyemubeba alinikataza. Mumuulize, iko hapa Mubi. Mutoto hakuwa kule."

Mke wake alikuwa hajui habari za pombe, nilimwona akizipokea. Kiongozi alianza kusema kwamba kuna roho zinazomfanya mtu anywe, lakini mama alikuwa ameshafika mbele. Alimnyanyua mtoto, akamfunga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea, na akatoka. Shangazi alijaribu kuwafuata. Baba alibaki mlangoni na fimbo zake mbili, akaujaza wote, na hakusogea mpaka wao wamefika mbali.

Haikutosha. Maneno yakishaingia kisimani hayatoki kwa siku moja. Watoto wengine walikatazwa kucheza naye, na yeye akaacha kusema hata na kuku. Mwezi haukuisha, lori la maharage lililokuwa linarudi tupu likampeleka Masisi kwa bibi yake, mama wa mama yake. Aliondoka amekaa mbele kati ya dereva na turniboyi, utingo wake. Mama yake alimwambia anipungie mkono. Alitazama mbele.

Nilienda Masisi baada ya karibu mwaka, barabara ilipopitika, kununua fromaji na kumpelekea nguo kutoka kwa mama yake. Nilimuuliza motari wa huko kama anajua kwa bibi huyo, muuza maziwa.

"Kwa Redio?" aliuliza.

"Redio gani?"

"Si kale katoto kanasemaka bila kupumuzika? Panda, Mama. Tunaenda kwa Redio."

Nilifikiri tunapotea. Lakini tulipopanda kilima na kufika kwenye boma la ng'ombe, nilisikia sauti ileile iliyomgombeza kuku, sasa ikimgombeza ndama, na kubwa mara tatu. Alitokeza kichwa. Aliponiona, sauti ikakatika, na akapotea kwenye kibanda cha ndama.

Bibi yake hakumwita. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene ya kukamua. Alinipa kiti, akanipa maziwa, tukazungumza juu ya bei ya chumvi na hali ya barabara. Nilimuuliza amefanya nini mpaka Bubu amekuwa Redio.

"Sikufanya kitu," alisema. "Hapa hatumuulizake. Tuko na kazi mingi. Anatukuta tunakamua, anakaa, anaangalia. Akimaliza kuangalia, anasema. Siku ya kwanza alimaliza ku saa kumi. Sasa anamalizaka mbele ya chai kuiva."

"Na wageni?"

"Wageni ni vile vile kama wewe. Iko mu kibanda, si unaona? Bale ba Goma walikuja kununua ng'ombe, alilala mule na ndama." Akacheka. "Anatokaka."

Alitoka alasiri. Alikuja na kikombe cha maziwa ambacho hakuna aliyemtuma kuleta, akakaa kwenye jiwe, akatazama kilima cha mbele na kuanza. Ndama huyu ni wa ng'ombe yule. Ile njia inakwenda kwenye maji. Bibi anakoroma. Alisema mpaka motari wangu alipokuja kunichukua, na hata pikipiki ilipoanza kushuka nilikuwa bado namsikia akimweleza mtu mwingine mimi ni nani.

Miaka mitatu ikapita. Vita vilipita kwenye vilima vile zaidi ya mara moja. Watu walikimbia na kurudi, na ng'ombe wengi hawakurudi. Habari zake nilizipata kwa mama yake, vipande vipande. Kisha bibi akafa, kwa ugonjwa, nyumbani kwake, na mimi nikasindikizana na mama yake kwenda kwenye kilio.

Tulifika mchana. Mama alipokewa na kuvutwa ndani na ndugu zake, nami nikabaki uani, katikati ya wanawake wengi nisiowajua. Walikuwa wanazungumza Kihunde, ambacho sikijui. Waliniona. Mmoja aliuliza kitu, mwingine akauliza kwa Kiswahili: nimetoka wapi, mimi ni ndugu kwa upande gani, nilimjua marehemu kwa njia gani? Yalikuwa maswali ya kawaida ya kilio. Nilifungua mdomo, nyuso zote zikanigeukia, na ulimi ukakwama.

Msichana mmoja alitoka upande wa jikoni akibeba benchi. Alikuwa mrefu, mwembamba, kitambaa cha msiba kichwani. Nilimtambua kwa nyusi. Aliliweka benchi kando ya ukuta, akanishika kiwiko na kunikalisha, kisha akakaa karibu nami. Hakunisalimia.

"Huyu mama ni nani?" walimuuliza.

"Ni jirani yangu wa Mubi," alisema kwa sauti iliyofika uani kote. "Anajuaka kusema vizuri sana. Mumuache kwanza."

Wakaniacha. Waliendelea na Kihunde chao. Tulikaa hivyo sisi wawili, tukitazama watu wakiingia na majani ya mgomba na kuni. Jua lilisogea kutoka miguuni mwetu mpaka ukutani. Wakati fulani, bila kuitwa, nilijikuta namwambia mwanamke wa kushoto kwangu kwamba marehemu alinipa maziwa siku moja, hapa hapa, na kwamba mikono yake ilikuwa minene. Mwanamke yule akasema, "Njo vile, ilikuwa minene," akawatafsiria wengine, na wengine wakasogeza viti. Nikawaeleza juu ya siku ile na kile alichoniambia. Walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka kilioni.

Nilipogeuka, nafasi ya pembeni yangu ilikuwa tupu. Alikuwa amerudi jikoni, na nilimsikia akiwaambia wakubwa wake kwamba maji hayatatosha.